Charles Kettering, aliyeweka msingi wa cheche ya magari ya zamani

Gari la zamani linalopanda kutoka Mombo hadi Lushoto, kwenye kona na miinuko ya Milima ya Usambara, hutegemea cheche ndogo ndani ya injini. Aliyeweka msingi wa mfumo wa kutoa cheche hiyo kwa betri na koili ni Mmarekani Charles Kettering.

Kettering alizaliwa Agosti 29, 1876, karibu na Loudonville, jimbo la Ohio. Maradhi ya macho yalimkatiza masomo, lakini mwaka 1904 alihitimu uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Aliajiriwa na kampuni ya NCR mjini Dayton, akatengeneza mashine ya umeme ya kupokelea fedha dukani.

Mwaka 1909, yeye na Edward Deeds walianzisha kampuni ya Delco. Mfumo wao wa cheche ulifungwa katika magari ya Cadillac ya 1910. Yale ya 1912 yakapata stata ya umeme, ikawaondolea madereva adha ya kuzungusha injini kwa mkono. Baadaye Kettering aliongoza utafiti wa General Motors hadi mwaka 1947. Si kila kazi yake iliacha heri: maabara yake ndiyo iliyoleta petroli yenye risasi, madini yaliyo sumu.

Katika mfumo wake, pointi za distribyuta hukata umeme wa koili, nayo koili huzalisha maelfu ya volti kwa ajili ya plagi. Kwa kuwa pointi hulika, wamiliki wengi huziondoa na kufunga kifaa cha elektroniki, bila kuiangalia koili.

Hapo ndipo hasara huanzia. Kwa volti 12, koili ya omu 3 hupitisha ampia 4. Ya omu 1.5 hupitisha ampia 8. Nyingi za aina hii ya pili zilikusudiwa kufungwa pamoja na rizista ya kupunguza umeme. Ikiondolewa, koili huchemka, kifaa kisichojidhibiti huungua, na gari huzimika mlimani. Omu zikizidi mno, cheche hufifia.

Fundi makini huchomoa nyaya za koili, huipima omu, kisha huzilinganisha na kiwango alichotoa mtengenezaji wa kifaa.

Kettering alifariki dunia Novemba 25, 1958, akiwa na umri wa miaka 82. Pointi zake zinaondolewa magarini. Koili yake bado inadai vipimo sahihi.