Karamojo Bell: Msasi aliyepuuza bunduki nzito na kuua ndovu 1,011

NI wawindaji wachache katika historia ya bara la Afrika ambao majina yao yanazua mabishano kama Walter Dalrymple Maitland Bell, Mskoti aliyefahamika zaidi kwa lakabu ya Karamojo Bell.

Zaidi ya miaka 70 tangu afariki, wapenzi wa bunduki wangali wanamtaja kila wanapobishana kuhusu risasi inayofaa kumwangusha mnyama mkubwa: je, ni ile nene yenye baruti nyingi ambayo mafundi huiita magnamu, au ni ile nyembamba ya kawaida waliyokuwa wakibeba askari?

Chanzo cha mabishano hayo ni hesabu moja. Kwa mujibu wa kumbukumbu alizoziweka mwenyewe, Bell aliua ndovu 1,011, wote wakiwa madume isipokuwa 28. Takriban 800 kati yao aliwaangusha kwa risasi ya kipenyo cha milimita 7, ambayo wenzake wengi waliiona kuwa ya kupigia swala.

Bell alizaliwa Septemba 8, 1880, karibu na jiji la Edinburgh, katika familia tajiri yenye watoto kumi. Mamaye alifariki akiwa na umri wa miaka miwili, na babaye akamfuata mtoto huyo alipofika miaka sita. Kaka zake ndio waliomlea, na kazi hiyo haikuwa nyepesi.

Alitoroka shule moja baada ya nyingine. Katika mojawapo alimpiga nahodha wa shule kwa gongo la kriketi. Alipofikisha umri wa miaka 13, jamaa zake walisalimu amri na kumwacha aende kufanya kazi ya ubaharia.

Akiwa kijana wa takriban miaka 16 alishuka Mombasa, wakati ujenzi wa reli ya kwenda Uganda ulikuwa ndio umeanza. Alipata kibarua cha kuwalinda wafanyakazi dhidi ya simba. Bunduki aliyokuja nayo ilikuwa ya kupakia risasi moja moja, na joto la nyika lilifanya maganda ya risasi kukwama ndani ya mtutu baada ya kufyatua. Mtu anayemkabili simba akiwa na bunduki iliyokwama hahitaji mwalimu wa kumfunza umuhimu wa kuchagua risasi nzuri, na huenda ndiyo maana suala hilo halikumtoka Bell akilini maisha yake yote.

Kutoka Mombasa alielekea Yukon, kaskazini mwa Kanada, ambako maelfu ya watu walikuwa wakikimbilia dhahabu. Yeye hakuchimba. Aliwinda na kuuza nyama mjini Dawson, hadi mshirika wake alipomdhulumu. Vita vya Makaburu vilipozuka Afrika Kusini mnamo 1899, alijiunga na kikosi cha Kanada, akatekwa na baadaye akafaulu kutoroka.

Katika vita hivyo Makaburu walitumia bunduki za Mauser zilizoundwa Ujerumani, zenye risasi ya milimita 7. Waingereza waliumia sana kutokana na bunduki hizo. Risasi hiyo hiyo, ikiuzwa na kampuni ya John Rigby ya London kwa jina la .275, ndiyo iliyokuja kumpa Bell umaarufu.

Vita vilipokwisha mnamo 1902 alirejea Afrika Mashariki na kuanza kazi ya kuwinda ndovu. Alianzia Mumias, kituo kikuu cha misafara ambacho mwaka huo huo kilihamishwa kutoka utawala wa Uganda na kuwa chini ya himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kutoka hapo alielekea kaskazini hadi Karamoja, nchi ya wafugaji ambayo serikali ya wakoloni ilikuwa bado haijaifikia.

Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu kutoka pwani walikuwa wamemtangulia huko kutafuta pembe, na uhusiano wa baadhi yao na wenyeji ulikuwa umejaa uvamizi na wizi wa mifugo. Bell alitumia njia tofauti. Alitangaza kwamba yeyote atakayemwonyesha mahali palipo na madume makubwa angezawadiwa ng'ombe.

Kwa Wakaramojong, hiyo haikuwa zawadi ndogo. Habari zilimfikia kutoka kila upande, na mmoja wa wenyeji hao, Pyjale, akawa mfuata nyayo na rafiki yake wa karibu. Nyama ya ndovu iliachiwa wanakijiji. Pembe zikabebwa na wapagazi, watu ambao bila mabega yao hapangekuwa na safari wala utajiri, ingawa majina ya wengi wao hayakuhifadhiwa.

Ili kuelewa kwa nini wenzake walimwona kama mtu anayecheza na mauti, ni lazima kufahamu bunduki walizobeba wao. Katika karne ya 19, wawindaji wa ndovu walitumia bunduki za baruti nyeusi zilizokuwa nzito kama mtaimbo, zikirusha donge la risasi lililoweza kumteguza mpigaji bega. Baruti isiyotoa moshi ilipoingia, mafundi wa Uingereza waliunda katriji mpya zenye nguvu zaidi, na mnamo 1898 kampuni ya Rigby ikatoa ile ya .450 Nitro Express.

Baadaye zikaja .470, .416 Rigby ya mwaka 1911 na .375 Magnum ya Holland & Holland ya mwaka 1912. Neno magnamu lina asili ya Kilatini na maana yake ni kubwa. Katika lugha ya mafundi wa bunduki, linamaanisha katriji iliyoongezwa baruti kupita ile ya kawaida, ili risasi itoke kwa kasi au nguvu zaidi.

Tofauti ilikuwa kubwa mno. Risasi ya .470 ilikuwa na uzito wa gramu 32 na nguvu ya karibu jouli 7,000 ilipotoka mtutuni. Ile ya Bell ilikuwa na gramu 11 na jouli zisizofika 2,800.

John Taylor, mwindaji mzaliwa wa Dublin aliyeishi miaka mingi Msumbiji, alibuni baadaye kanuni ya kupima uwezo wa risasi wa kumduwaza ndovu. Alizidisha uzito wa risasi, kasi yake na kipenyo chake. Kwa kanuni hiyo, .470 hupata takriban alama 73 ilhali ile ya milimita 7 hupata 16.

Bell hakuzibishia nguvu za bunduki kubwa. Alikuwa amezijaribu, ikiwemo ya mitutu miwili ya .450/400, na akalinganisha matokeo. Aligundua kwamba risasi ikifika kwenye ubongo, ndovu huanguka papo hapo, iwe ni nene au nyembamba. Isipofika mahali pa kuua, mnyama wa tani tano au sita huondoka na jeraha lake, iwe ni nene au nyembamba.

Basi swali kwake halikuwa nguvu bali njia ya kuufikia ubongo. Ubongo wa ndovu una uzito wa kilo tano hivi, na umefichwa nyuma kabisa ya fuvu kubwa ambalo sehemu yake ya juu ni mfupa wenye matundu kama sega la asali. Anayelenga paji la uso kwa kufuata mazoea hupiga juu mno.

Bell alichukua msumeno, akapasua vichwa vya ndovu aliowaua na kuchunguza mahali ubongo ulipolala. Akaweza kuupiga kutoka mbele, kutoka ubavuni na hata kutoka nyuma kimshazari kupitia misuli ya shingo, pigo ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake.

Kwa kazi hiyo, risasi nyembamba na ndefu yenye koti gumu la chuma ilikuwa na faida. Haikupondeka ilipogonga mfupa, na ilisafiri moja kwa moja bila kupinda. Isitoshe, bunduki yake ilikuwa nyepesi, haikuwa na teke la kumtia mtu woga wa kufyatua, na mlio wake mdogo haukutimua kundi zima. Mara nyingi aliwaangusha madume kadhaa kabla ya wengine kutambua hatari ilikotoka.

Kulikuwepo pia suala la kuaminika, ambalo wanaobishana mara nyingi hulisahau. Alipenda bunduki ndogo zaidi ya .256 ya Mannlicher-Schönauer, lakini risasi zake zilimsumbua akaiacha. Katriji za Kijerumani za milimita 7 hazikumwangusha.

Nidhamu yake ilikuwa ya ajabu. Alifanya mazoezi ya kulenga kila siku, aghalabu kwa bunduki tupu, na akaandika matumizi ya risasi zake daftarini. Kwa hesabu yake, alitembea wastani wa zaidi ya kilomita 110 kwa kila dume alilolipata, na kwa mwaka mmoja alichakaza jozi 24 za viatu.

Kutoka Karamoja alizuru Ethiopia, Sudan na eneo la Lado kando ya Mto Nile, lililokuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hadi kifo chake mnamo Desemba 1909. Baadaye alifika Liberia na maeneo ya Wafaransa ya Afrika ya Kati.

Hapana budi kutaja kwamba ustadi huo wote ulikuwa wa biashara. Pembe zilisafirishwa ng'ambo kutengenezwa vibonye vya piano, mipira ya biliadi na vishikio vya visu. Katika siku moja tu aliwahi kuua ndovu tisa waliokuwa na pembe za thamani ya pauni 877, pesa ambazo mpagazi wa zama hizo hangezipata hata kwa kubeba mizigo maisha yake yote.

Aidha, mbinu ya Bell ilitegemea mazingira ambayo wengi waliomuiga hawakuwa nayo. Aliwinda sana katika mbuga zilizo wazi, miongoni mwa ndovu ambao hawakuwa wamezoea mlio wa bunduki, na aliweza kusubiri hadi mnyama asimame anavyotaka.

Katika kichaka kinene, mbele ya ndovu aliyejeruhiwa na anayekuja mbio, risasi nene ikipita karibu na ubongo inaweza kumduwaza kwa sekunde chache, muda wa kutosha kupiga tena. Ile nyembamba ikikosea haimpi mpigaji nafasi ya pili. Kwa sababu hiyo, nchi kadhaa zinazoruhusu uwindaji, Tanzania ikiwemo, zinataka bunduki isiyopungua .375 kwa ndovu. Sheria hutungwa kwa ajili ya watu wa kawaida, na Bell hakuwa mmoja wao.

Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka mnamo 1914, alijifunza urubani na kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Alitumwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, Tanzania bara ya leo, ambako inaelezwa alipendelea kuruka bila msaidizi ili awe huru kutumia bunduki yake ya kuwindia. Alihudumu pia katika eneo la Balkan na akatunukiwa nishani ya Military Cross.

Baadaye alimwoa Kate Soares, akanunua shamba huko Corriemoillie, kaskazini mwa Scotland, na akashiriki mashindano ya mashua. Kitabu chake cha kwanza kuhusu uwindaji kilitoka mnamo 1923 kikiwa na michoro aliyoichora mwenyewe, na Karamojo Safari kikafuata mnamo 1949. Alifariki Juni 30, 1954, akiwa na umri wa miaka 73.

Nchi alizozizoea zilibadilika kabisa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa ndovu mnamo 1973, na wa wanyamapori wote mnamo 1977. Hata hivyo, majangili waliendelea: ndovu waliokadiriwa kuwa 167,000 mnamo 1973 walipungua hadi chini ya 20,000 kufikia 1989. Sensa ya 2021 ilihesabu 36,280.

Mojawapo ya bunduki zake za .275 ilinunuliwa baada ya kifo chake na Robert Ruark, mwandishi wa Marekani aliyejulikana kwa riwaya zake kuhusu Kenya wakati wa Mau Mau. Ruark hakuitumia kuwinda ndovu. Alimzawadia mtoto wake wa ubatizo, mwana wa Harry Selby, mwindaji wa Kenya aliyesifika kwa bunduki yake ya .416. Ruark mwenyewe alifariki mnamo 1965, na mwaka uliofuata makala yake ya uwindaji yakachapishwa katika kitabu ambacho anwani yake, Use Enough Gun, inawahimiza wawindaji kubeba bunduki yenye nguvu za kutosha.