Daktari Livingstone na saa iliyoanguka

Kanisani tunasikia mara nyingi habari za David Livingstone, namna alivyohubiri na namna alivyokutwa amekufa amepiga magoti. Sisi wa mwaka wa nne tunataka kueleza upande mwingine, ni kusema kazi yake ya kutafuta njia. Hapa Majengo kazi hiyo si nguvu: Nyiragongo iko kaskazini, ziwa iko kusini, hata mtoto mdogo anajua. Lakini siku ukungu unafunika mlima, mgeni anaanza kuuliza-uliza. Livingstone alitembea miaka mingi pahali ambapo hakuna mlima aliyoujua, na ramani za wazungu zilikuwa nyeupe katikati.

Alizaliwa 1813 kule Blantyre, Scotland, katika jamaa ya watu maskini. Akiwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, na usiku alisoma. Mwaka 1841 alifika Afrika ya Kusini, misionere na mganga pamoja. Mwaka 1852 huko Cape Town, Thomas Maclear, mkuu wa nyumba ya kuangalia nyota, alimfundisha vizuri kupima kwa sekstanti. Tangu hapo, usiku wa mbingu safi, wapagazi wakilala yeye alikuwa anapima nyota. Ndivyo alivyovuka bara zima, kutoka Luanda (1854) mpaka Quelimane (1856).

Tueleze kidogo kupima kwenyewe, sababu bila hiyo hadithi haieleweki. Sekstanti inapima urefu wa jua ao nyota juu ya upeo. Katika pori upeo hauonekani, basi mtu anamwaga zebaki katika sahani na kupima kivuli cha nyota ndani yake. Hiyo inatoa latitudo, na haiombi saa nzuri sana. Longitudo ni neno lingine. Dunia inazunguka digrii 15 kila saa moja, kwa hiyo sherti ujue saa ya Greenwich wakati unapopima saa ya pahali ulipo. Juu ya hiyo alibeba kronometa. Kronometa ikikosea dakika moja tu, huku karibu na ikweta unajiandika kilometa 28 mbali na pahali unaposimama. Toka Majengo kilometa 28 kwenda mashariki, umeshavuka mpaka zamani!

Kimo cha nchi alikipima kwa kuchemsha maji. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka mapema. Hapa Goma, kwenye metre 1.500 hivi, yanachemka kwa digrii 95. Mwenye kuona shaka ajaribu na termometa ya labo.

Mwaka 1866 Livingstone alianza safari yake ya mwisho, kutafuta chanzo cha Nili. Mwezi wa kwanza 1867, wakati wa mvua, mpagazi aliyebeba kronometa aliteleza na kuanguka, mara mbili. Saa hazikuvunjika. Sisi tunafikiri ingekuwa heri zivunjike, maana saa iliyokufa haidanganyi mtu. Zile ziliendelea kutembea, lakini mwendo wao ulibadilika, na longitudo alizoandika nyuma ya siku ile ziliharibika. Siku chache baadaye wapagazi wawili walikimbia na sanduku la dawa. Mwaka 1868 alifika ziwa Bangweulu, akalichora kwa vipimo vile.

Kisha akaingia Maniema, inchi yetu hii ya Kongo. Bambarre, leo Kabambare, vidonda vya miguu vilimfunga miezi mingi. Mwezi wa tatu 1871 alifika Nyangwe, kwenye mto Lualaba, akafikiri huu ndio Nili. Alitaka mitumbwi, akanyimwa. Tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara wa utumwa walipiga bunduki sokoni, na mamia ya watu walikufa, wengi wao wamama waliokuja kuuza. Aliyaona kwa macho yake. Alirudi Ujiji bila kufuata mto, na huko Stanley alimkuta.

Mwaka 1872 alianza safari ya kurudi tena Bangweulu. Mvua ilinyesha, mawingu yalifunika jua na nyota, na ramani aliyoichora mwenyewe haikulingana na maji aliyoyaona mbele yake. Walizunguka katika matope, yeye akitoka damu, mwisho akibebwa. Alikufa mwanzo wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo.

Hapo wakubwa wa safari wakawa Susi na Chuma. Walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili, wakaubeba hata Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Miezi tisa! Hatusikii wakisifiwa kwa kupima nyota. Waliuliza vijiji, walikumbuka mito, walifika. Njiani, kule Unyanyembe, walikutana na Mwingereza Cameron, afisa wa jeshi la bahari, naye alichukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu.

Cameron akaendelea mpaka Nyangwe, 1874. Alipima kimo cha Lualaba, akakuta iko chini kuliko Gondokoro, pahali Nili inapopita mbali sana kaskazini. Na maji hayapandi mlima. Kumbe mto wa Livingstone ulikuwa Kongo, na mwaka 1877 Stanley aliufuata mpaka Boma.