Henry Ford na freni za motokari ya kila mtu

Mwisho wa mwezi, wakati mshahara unaingia, kuko mazungumzo ambayo yanarudia paka yale yale mu magaraji ya Lubumbashi, toka Kenya mpaka Katuba. Baba mmoja anafika na motokari yake ya kila siku, ile inayopeleka watoto ku masomo na kubeba unga na makala siku ya posho. Fundi anatoa pine, anaangalia, anatikisa kichwa. Anasema hizi freni ni ndogo, afazali kuweka diski kubwa zaidi. Baba anahesabu franga mu kichwa: ni za freni, ao ni za minervale ya watoto?

Safari hii tunapenda kuwaeleza, ba mama na ba baba, maisha ya mtu aliyepata swali hilo, si kwa motokari moja, lakini kwa mamilioni ya motokari za watu wadogo. Alikuwa fundi mkubwa kuliko wote wa wakati wake. Na alijibu hapana kwa zaidi ya miaka 10.

Henry Ford alizaliwa tarehe 30 mwezi wa saba 1863, mu shamba karibu na Dearborn, mu jimbo la Michigan, kule Amerika. Baba yake alikuwa mkulima na alitaka mtoto abaki ku shamba. Mtoto alikuwa anapenda paka saa na mashini. Alikuwa anafungua saa za majirani na kuzitengeneza. Alipofika miaka 16 alienda Detroit kujifunza kazi ya chuma, na nyuma yake akapata kazi ku kampuni ya umeme ya Edison. Usiku, kisha kazi, alikuwa anajenga motokari mu kibanda nyuma ya nyumba. Mwezi wa sita 1896 ilikuwa tayari, lakini mlango wa kibanda ulikuwa mwembamba kuliko motokari. Akachukua shoka, akabomoa matofali, akatoka. Ile motokari haikuwa na vitesi ya kurudi nyuma.

Mu 1904, kisha kuanzisha kampuni yenye jina lake, alishika usukani yeye mwenyewe juu ya barafu ya ziwa St. Clair na kufikisha kilometa 147 kwa saa. Kwa ile wakati, hakuna mtu alikuwa ameandikiwa mbio kama hiyo. Tunasema hivi ili msomaji asifikiri kama Ford hakujua mbio ni kitu gani. Alijua sana.

Mwezi wa kumi 1908 ndipo alitoa Model T. Motere yake ilikuwa na nguvu ya farasi 20, na yenyewe ilikuwa nyepesi, karibu kilo 550. Kwa barabara nzuri ingefika kilometa 65 ao 70 kwa saa, lakini barabara nzuri zilikuwa wapi? Njia za Amerika ya wakati ule zilikuwa matope na mashimo, sawa vile njia zetu za pembeni mu mwezi wa pili. Bei ilianza ku dolare 850, ikashuka mwaka ku mwaka mpaka chini ya 300. Mkulima, fundi, mfanyakazi wa mgodi, wote wakaanza kununua.

Sasa tuangalie freni yake, juu njo kiini cha habari. Model T ilikuwa na pedali tatu. Ile ya kuume ilikuwa freni, lakini haikufunga pine. Ilikuwa inakaza mshipi wenye kitambaa cha pamba ndani ya sanduku la vitesi, na nguvu inapita ku mti wa kati mpaka pine za nyuma. Pembeni kulikuwa mkono wa chuma uliofunga tamburi mbili za nyuma, zaidi kwa kusimamisha motokari iliyokwisha kusimama. Mbele, hakuna kitu. Ile kitambaa ikilika, mashofere walikuwa wanakanyaga pedali ya kurudi nyuma ili motokari ipunguze mwendo. Na kama kitu kilivunjika kati ya sanduku na pine, kukanyaga pedali ya freni hakukusaidia kitu.

Ilikuwa freni mbaya? Sisi tunasema hapana. Kwa motokari ya kilo 550 inayotembea mu matope, ilitosha. Ilikuwa rahisi, na mkulima angeweza kuitengeneza kwa mikono yake. Shida ilianza wakati watu walibadilisha kazi ya motokari: wakapakia mizigo, wakageuza Model T kuwa kamyo ndogo, wakaenda kuishi mu milima. Hapo wafanya biashara wengine wakaanza kuuza freni za kuongeza. Moja iliitwa Rocky Mountain, jina la milima mirefu ya magaribi ya Amerika. Ilikuwa mshipi unaoshika tamburi za nyuma moja kwa moja, bila kupita mu sanduku la vitesi. Mwenye kukaa ku tambarare hakuihitaji sana. Mwenye kushuka mlima na mzigo aliinunua na kulala usingizi mzuri.

Mwaka ule ule wa 1910, wakati reli ilifika kwetu na Élisabethville ikaanza kujengwa, Ford alifungua kiwanda kikubwa cha Highland Park. Mu 1913 motokari zilianza kupita mbele ya wafanyakazi juu ya mnyororo, kila mtu na kazi yake moja. Kazi ilichokesha, watu walikimbia. Basi mwezi wa kwanza 1914 Ford akatangaza dolare 5 kwa siku, kwa saa 8, karibu mara mbili ya mshahara wa mbele. Lakini zile dolare 5 zilikuwa na sharti: watumwa wa kampuni waliingia mu manyumba kuangalia kama baba anakunywa pombe, kama mama anapanga nyumba muzuri, kama kuna akiba. Wazee wetu waliokomalia mu kambi za Union Minière hawatashangaa. Walijua bwana anayelipa, anayetoa nyumba, halafu anaingia mpaka mu chungu.

Ford alipenda kuamua peke yake, na umri ulizidisha hiyo tabia. Mu miaka ya 1920 gazeti lake liliandika mambo ya chuki juu ya Wayahudi, doa ambalo halikutoka ku jina lake. Sendika aliikataa mpaka 1941. Na Model T aliikatalia kubadilishwa hata wakati wanunuzi walianza kuondoka. Mu 1927, kisha motokari milioni 15, alikubali kuisimamisha. Ile iliyofuata, Model A, ilikuwa na nguvu ya farasi 40 na ingefika karibu kilometa 100 kwa saa. Hii mara freni zilikuwa ku pine zote ine, lakini zilivutwa na fimbo za chuma.

Hapa tusimame kidogo. Freni ni chombo cha kugeuza mbio kuwa moto. Mbio ikizidi mara mbili, ule moto hauzidi mara mbili, unazidi mara ine. Kutoka kilometa 65 mpaka 100, hata uzito ukibaki ule ule, kazi ya freni inazidi mara mbili na zaidi. Ndugu zetu wanaoendesha mabene makubwa mu karyeri wanajua hii bila kitabu, njo maana wanajaribu freni kabla ya kushuka. Na yule baba wa ku garaji anaweza kuanzia hapo: motokari yake imebadilisha kazi, ao ingali paka ile ya masomo na unga? Kama kazi ni ile ile, mara mingi kinachokosa si ukubwa wa freni. Ni plaketi zilizolika, mafuta ya freni yaliyokunywa maji kwa miaka, ao pine zenye upara. Diski kubwa haiwezi kusimamisha pine inayoteleza. Lakini kama ameanza kubeba mifuko ya madini mpaka Likasi mu gari iliyofanywa kwa watoto ine, pale fundi ana haki, na hata diski kubwa pengine haitoshi.

Turudi kwa Ford. Wakati ule mtu mmoja wa California, Malcolm Loughead, alikuwa amekwisha kuvumbua freni zinazosukumwa na mafuta mu bomba. Kampuni yake iliandika jina vile linavyotamkwa, Lockheed, na mpaka leo mafundi wengi wanaosema kifaransa wanaita mafuta ya freni kwa jina hilo. Chrysler aliziweka ku motokari zake mu 1924, na mu 1928 ku Plymouth, motokari ya bei ya chini, mshindani wa Ford kabisa. Faida ilikuwa wazi. Fimbo ine zinalika kila moja kwa namna yake, zinaombea kukazwa kila mara, na zisipolingana motokari inavuta pembeni. Mafuta yanasukuma sawasawa kila upande.

Ford alikataa. Tusimcheke mbio mbio. Woga wake ulikuwa na msingi: fimbo ya chuma haivuji, lakini bomba likipasuka, ile wakati freni zote zilikwisha pamoja, juu kulikuwa njia moja tu ya mafuta. Freni za kwanza za namna hiyo zilivuja kweli, mpaka mainjenieri wa Chrysler walipotia vifuniko vya kaucho. Kisha hapo, woga ulibaki bila msingi, na kiburi kikachukua nafasi yake. Mu 1932 alitoa motokari yenye motere ya V8, nguvu ya farasi 65, ajabu kwa bei ile. Fimbo zikabaki. Mu 1936 Chevrolet nayo ikahamia ku mafuta. Fimbo zikabaki.

Mtu aliyeumia zaidi ni mtoto wake. Edsel Ford, mtoto wake wa pekee, alikuwa prezida wa kampuni toka 1919, kwa jina. Alikuwa mtu wa upole, mwenye kusikiliza mainjenieri. Inasimuliwa kama siku moja ku meza, mbele ya wakubwa wa kampuni, alianza kutetea freni za mafuta. Mzee akasimama, akamwambia anyamaze, akatoka. Hakuna mtu aliyeongeza neno. Kila mzazi anayesoma hapa anajua kama mtoto wa miaka zaidi ya 30 aliyenyamazishwa mbele ya watu hasahau. Na mu barabara, ile miaka yote, watu waliendelea kukanyaga pedali za Ford kwa nguvu ya mguu wote.

Mu 1938, wakati wa kutayarisha motokari za 1939, mzee alikubali. Alikuwa na miaka 75. Ford ilikuwa ya mwisho kati ya zile kubwa tatu za bei ya chini. Kitu cha kuchekesha ni hiki: zile freni mpya zilikaa vizuri, kwa kazi kidogo tu, ku Ford za mbele yake, mpaka ku Model A. Vijana na mafundi wa Amerika wakaanza kutoa fimbo na kuweka freni za 1939 ku motokari za zamani za baba zao, na wenye kupenda Ford za zamani wangali wanafanya vile.

Edsel hakufurahia muda mrefu. Alikufa mwezi wa tano 1943 na kansa ya tumbo, miaka 49. Mzee, karibu miaka 80 na akili imeanza kuchoka, akarudia kiti cha prezida, mpaka familia ikamlazimisha mu 1945 amuachie mjukuu wake, Henry wa pili. Usiku wa tarehe 7 mwezi wa ine 1947, mto Rouge ulijaa ukazima umeme ku nyumba yake. Yule aliyefanya kazi kwa Edison, aliyejaza dunia na motere, alikufa kwa mwanga wa mishumaa, mke wake Clara pembeni.