Kanjogera: Mama wa Mfalme Aliyemaliza Siku Zake Kamembe

Wenzetu wanaotoka Rusizi, wa Bugarama, Rwimbogo na Nzahaha, wakienda nyumbani likizo hupita Kamembe, wakashuka kwenye basi na kutafuta gari jingine la kuteremka bondeni. Wachache hukumbuka kwamba hapo Kamembe ndipo alipofia mwanamke aliyeogopwa kuliko wote katika Rwanda ya zamani.

Kanjogera alikuwa binti wa Rwakagara, wa ukoo wa Abega. Kwa desturi ya Rwanda mfalme hakutawala peke yake. Alitawala pamoja na mama yake, umugabekazi, mwenye makao yake, ng'ombe wake na watu wake. Kwa hiyo koo zilishindana kuoza mabinti ikulu. Abega walikwisha kuionja nafasi hiyo, kwani shangazi yake Kanjogera, Nyiramongi, alikuwa mama wa mfalme Rwogera. Kanjogera naye akaolewa na Kigeli Rwabugiri, mfalme wa vita, akamzalia mtoto wa kiume, Musinga.

Mwaka 1889 Rwabugiri alimteua mwanawe mwingine, Rutarindwa, awe mrithi wake. Mama yake Rutarindwa alikuwa amekwisha kufa, naye mfalme akampa Kanjogera nafasi ya umama. Fikiri jambo hilo: mwanamke mwenye mtoto wake wa kumzaa anakabidhiwa kiti cha mtoto wa mke mwenzake akilinde. Rutarindwa hakuwa yatima wa kufutwa machozi, alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Lakini ile ilikuwa amana, na sisi tunajua uzito wa neno hilo.

Rwabugiri alifariki mwaka 1895 akiwa safarini kwenda kupigana Bushi, ng'ambo ya Kivu. Mwaka uliofuata maofisa wa Dola Huru ya Kongo walipiga kambi Shangi, huku huku Kinyaga, na jeshi la Rutarindwa lilipokwenda kuwatoa likapigwa kwa bunduki. Bisangwa, kamanda hodari na mtu wa karibu wa mfalme, akauawa. Mfalme kijana akabaki bila ngao.

Kanjogera na kaka zake, Kabare akiwa mbele, hawakungoja. Mwishoni mwa 1896, pale Rucunshu, watu wao walipambana na watu wa mfalme. Rutarindwa alipoona ameshindwa alijifungia ndani na mkewe na watoto, nyumba ikateketea, na Kalinga, ngoma ya ufalme, ikaungua humo. Musinga akatawazwa kwa jina la Yuhi, naye alikuwa bado mvulana. Mama yake akawa Nyirayuhi, na nchi ikawa mikononi mwa Abega. Kilichofuata ni damu: wana wengine wa Rwabugiri waliodhaniwa kuwa hatari waliondolewa mmoja mmoja.

Wapo wanaomtetea kwamba kila mama angempigania mwanawe. Mimi sikubali. Musinga hakuwa hatarini mpaka mama yake alipomtamania kiti cha mwenzake.

Na kiti chenyewe hakikutulia. Mwaka 1897 alipofika Kapteni Ramsay wa Ujerumani, ikulu ilimtoa mtu mwingine ajifanye mfalme. Wajerumani walipokelewa haraka, maana ufalme uliopatikana Rucunshu ulihitaji bunduki za kuulinda. Kaskazini akatokea Muhumusa, aliyejitangaza mjane wa Rwabugiri na kumdai mwanawe kiti. Kisha Ndungutse, aliyejiita mtoto wa Rutarindwa, ambaye uasi wake Wajerumani waliuzima mwaka 1912. Hata ndani ya nyumba hapakuwa na amani, kaka zake Kabare na Ruhinankiko waligombana wao kwa wao.

Musinga alikua, akajifunza Kiswahili, lugha ya askari na wafanyabiashara Waislamu waliokuja enzi za Wajerumani. Lakini dini yake ilibaki ile ya mababu, na mama yake vilevile. Wabelgiji walioingia mwaka 1916 hawakupenda hilo. Walimpunguzia mamlaka kidogo kidogo, na Novemba 12, 1931 wakamwondoa, kosa lake kubwa likiwa kuukataa ubatizo na kuwapinga. Kiti akapewa mwanawe Rudahigwa, na cheo cha umugabekazi kikaenda kwa Kankazi, mama yake Rudahigwa. Bibi kizee akanyang'anywa kiti na mjukuu wake mwenyewe.

Walihamishiwa Kamembe. Nako Kinyaga mkubwa alikuwa Rwagataraka, chifu wa Wabelgiji, adui wa siku nyingi wa Musinga. Ukoo wake? Mwega, damu ileile iliyochomewa nyumba Rucunshu ili itawale. Ukisimama Kamembe unaliona ziwa lile lile ambalo Rwabugiri alikuwa akilivuka na majeshi yake.

Kanjogera alifia hapo mwaka 1933, mzee sana. Musinga alibaki Kamembe mpaka 1940, Wabelgiji wakampeleka mbali zaidi, Moba, Kongo. Alifariki huko mwaka 1944.