Mark Twain na Mtoto Aliyechana Barua

Wako watunzi ambao vitabu vyao watoto huvisoma wakacheka, na wakubwa wakavisoma wakainamisha vichwa. Mmoja wao ni Samuel Langhorne Clemens, ambaye dunia inamjua kwa jina la Mark Twain. Ni zaidi ya miaka mia tangu alipofariki, lakini riwaya yake ya Huckleberry Finn ingali inasomwa, na ingali inagombewa. Wengi humkumbuka kwa mizaha yake na nywele zake nyeupe. Leo, msomaji, tumtazame kwa upande mwingine, nao ni ule ujasiri wa mtu kusimama na haki ilhali jamaa zake, majirani zake na hata walimu wake wa dini wote wamesimama upande wa pili.

Clemens alizaliwa tarehe 30 Novemba, 1835, katika kijiji cha Florida, jimbo la Missouri, nchini Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka minne aila yake ilihamia Hannibal, mji mdogo ulio kando ya mto Mississippi. Missouri lilikuwa jimbo la utumwa. Baba yake, Bwana John Marshall Clemens, alikuwa mtu wa sheria, na nyumbani mwake hakukukosa mtumwa. Mwaka 1841 mzee huyo aliketi pamoja na wenziwe katika baraza la kuamua kesi ya watu watatu walioshitakiwa kwa kuwashawishi watumwa watoroke. Baraza liliwaona wana hatia, nao wakafungwa kifungo cha miaka kumi na miwili kila mmoja. Katika mji ule hukumu hiyo ilionekana kuwa ni haki tupu.

Basi huo ndio ulimwengu aliolelewa mtoto Samuel. Makanisani alisikia kwamba utumwa ni jambo aliloliridhia Mungu. Shuleni hakusikia neno la kulipinga. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, naye alilelewa kuona kwamba mtu mweusi ni mali, kama ng'ombe au shamba.

Lakini macho ya mtoto huona hata yale ambayo hakufundishwa kuyaona. Siku moja aliona watu weusi, wanaume na wanawake wapatao dazeni, wamefungwa minyororo na kulazwa chini njiani, wakingoja kupelekwa kusini kuuzwa. Nyuso zao hakuzisahau mpaka uzeeni. Siku nyingine, akiwa na umri wa miaka kama kumi, aliona mwanamume mmoja akimtupia mtumwa wake bonge la chuma kwa kosa dogo tu. Likampata kichwani, na haikupita saa moja akafa. Watu wa mji walisikitika, lakini sikitiko lao kubwa lilikuwa kwa mwenye mali aliyepata hasara.

Nyumbani mwao palikuwa na kijana mtumwa aitwaye Sandy, aliyeletwa kutoka jimbo la mbali la Maryland. Kutwa kucha alikuwa akiimba na kupiga kelele, hata Samuel akachoka, akaenda kumshitaki kwa mamake. Mama yule machozi yalimlenga. Akamweleza mwanawe kwamba kijana huyo ametenganishwa na mama yake na hatamwona tena maishani. Akiimba, ni dalili kwamba kwa muda huo amesahau, na akinyamaza ndipo pa kumhofia. Tangu siku hiyo kelele za Sandy hazikumuudhi tena.

Kisha palikuwa na Benson Blankenship, mtoto wa mlevi, aila iliyodharauliwa kuliko zote mjini. Mnamo 1847 Benson alimkuta mtumwa mtoro amejificha katika kisiwa upande wa pili wa mto. Zawadi ya kumtaja ilikuwa dola 50, na kwa maskini kama yeye hiyo ilikuwa tajiri ya ajabu. Tena sheria ilimtaka amtaje, na kumficha mtumwa ilikuwa fedheha mbaya kushinda wizi. Benson hakusema. Kwa majuma kadhaa alimpelekea chakula kwa siri, mpaka wakata miti walipomgundua yule mtoro wakamfukuza, naye akafa maji. Siku chache baadaye Samuel na wenziwe, walipokwenda huko kuvua na kuchuma matunda, waliuona mwili wake ukizuka majini.

Baba alifariki mwaka huo huo wa 1847, na Samuel akaacha shule kwenda kufunzwa kazi ya upigaji chapa. Baadaye akawa rubani wa meli za moshi katika Mississippi, akapata cheti chake mwaka 1859. Huko ndiko alikolitoa jina lake la utunzi. Baharia wa mto alipotia bildi akaona kina ni pima mbili, yaani maji ya salama, alipiga ukelele wa kumjulisha rubani, na ukelele huo ndio aliojiita alipoanza kuandika magazetini mwaka 1863.

Vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, kijana huyu alijiunga na kikundi cha askari wa upande wa kusini, upande uliokuwa ukiutetea utumwa. Alikaa kama majuma mawili, akatoka, akaelekea nchi za magharibi pamoja na kaka yake. Hakutoka kwa kuwa ameuchukia utumwa, la. Wakati ule alikuwa angali mtoto wa Hannibal. Hata vitabu vyake vya mwanzo vina mengi ya kuchukiza. Alipozuru Morocco, Sham, Palestina na Misri mwaka 1867, aliwaandika Waislamu wa huko kwa kejeli, na Wahindi Wekundu wa nchi yake aliwaandika kwa dharau kubwa zaidi. Tunayataja haya ili msomaji asidhani kwamba mtu huyu alizaliwa na insafu kamili. Insafu aliipata polepole.

Mwaka 1870 alimwoa Bibi Olivia Langdon wa Elmira, New York, binti wa watu waliokuwa wakiwasaidia watumwa watoro, na waliokuwa marafiki wa Frederick Douglass, yule mtumwa aliyejikomboa akawa khatibi mashuhuri. Katika shamba la wakwe zake palikuwa na mpishi mmoja, Bibi Mary Ann Cord, mwanamke mcheshi aliyekuwa mtumwa zamani. Jioni moja Twain alimwuliza imekuwaje ameishi miaka yote hiyo bila ya kuonja taabu. Mama yule akamsimulia jinsi mumewe na wanawe saba walivyouzwa mnadani mbele ya macho yake, na jinsi vita vilivyomrudishia mmoja tu, baada ya miaka kumi na mitatu. Twain aliitoa hadithi hiyo katika jarida la Atlantic Monthly mwaka 1874, akamwacha mama aseme kwa ulimi wake mwenyewe.

Miaka miwili baadaye alianza riwaya ya Huckleberry Finn. Aliiandika, akaiweka, akairudia, na ikatoka Uingereza mwishoni mwa 1884 na Marekani mapema 1885. Huck ni mtoto wa mlevi, aliyefananishwa na mmoja wa wana wa Blankenship. Anamkimbia baba yake anayempiga, na njiani anakutana na Jim, mtumwa aliyetoroka baada ya kusikia kwamba bibi yake anataka kumwuza New Orleans kwa dola 800. Wawili hao wanasafiri juu ya chelezo, wakishuka na mto usiku na kujificha mchana. Jim anamhifadhi mtoto, anamwachia alale na kumshikia zamu yake, naye hulia akiwakumbuka mkewe na watoto wake.

Mwishowe walaghai wawili wanajiunga nao, na mmoja wao anamwuza Jim kwa dola 40. Hapo ndipo penye moyo wa kitabu. Huck anakaa peke yake na mawazo. Amefundishwa kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni wizi, na kwamba mwizi wa namna hiyo makao yake ni motoni. Anaogopa. Anaandika barua kwa bibi yake Jim kumjulisha mtumwa wake yuko wapi, na akisha kuiandika anaona roho imetulia, kana kwamba ametubu. Kisha anaikumbuka safari yao, na wema wa Jim unamjia mmoja mmoja. Anaichukua barua, anatetemeka, na mara anaichana, akiamini kwa yakini kwamba kwa kitendo hicho ameichagua Jahanamu.

Msomaji wetu Mwislamu huenda akashituka hapo, akauliza vipi mtu atasifiwa kwa kuuchagua moto. Lakini tutazame vizuri. Mtoto yule hakumwasi Mola wake. Aliwaasi watu waliolitumia jina la Mola kulinda mali zao, naye maskini hakujua tofauti, kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Ujasiri wake ulikuwa mkubwa kuliko wa mtu anayejua kwamba yuko katika haki, kwani yeye hata dhamiri yake ilikuwa ikimshitaki.

Kitabu hicho kilipata maadui mapema. Maktaba ya Concord, Massachusetts, ilikitoa mwaka 1885 kwa kukiona ni cha watu wasio adabu. Baadaye lawama nyingine ilikuja kutoka kwa Wamarekani weusi wenyewe, na hiyo ina uzito. Neno la matusi waliloitwa mababu zao limo zaidi ya mara 200, na katika sura za mwisho Jim anafanywa mchezo na watoto. Anayekisomesha kitabu hiki haifai ayafiche hayo.

Mwaka ule ule wa 1885 Twain alikutana na Warner McGuinn, mwanafunzi mweusi wa sheria katika Chuo cha Yale, akajitolea kumlipia gharama za kujikimu. Aliona kwamba deni hilo ni la watu weupe kwa jumla kwa waliyoyatenda. McGuinn akawa wakili wa kutajika mjini Baltimore, na miongoni mwa mawakili vijana waliopata mwongozo wake alikuwamo Thurgood Marshall. Huyo ndiye aliyekuja kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House mwaka 1960 juu ya haki za raia, na mwaka 1967 akawa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani.

Mwaka 1894 Twain alifilisika. Ili kulipa madeni alizunguka dunia akihutubia, na mwaka 1896 alikuwa Bombay. Huko hotelini alimwona Mzungu akimpiga mtumishi Mhindi kofi la taya, na mtumishi akavumilia kimya. Ghafla akarudi Hannibal, akamwona baba yake akimpiga mtumwa, na lile bonge la chuma hewani. Kutoka hapo kalamu yake ilibadilika. Mwaka 1901 alizikemea hadharani dola za Ulaya na nchi yake mwenyewe kwa kuwaonea watu wa China, Afrika Kusini na Ufilipino. Mwaka 1905 alitoa kijitabu cha kumfedhehesha Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa damu ya watu wa Kongo. Kwa maneno hayo wengi waliokuwa wakimchekea walimnunia.

Lakini ukweli una pande mbili. Mwaka 1901 aliandika makala makali juu ya watu weusi waliokuwa wakiuawa na makundi ya watu bila ya hukumu, kisha akayafungia, akihofu kwamba hatabakiwa na rafiki katika majimbo ya kusini. Machi 1906 majeshi ya Marekani yaliwazingira Waislamu wa kabila la Moro katika kisiwa cha Jolo, Ufilipino, wanaume, wanawake na watoto, ndani ya shimo la mlima wa volkano uliozimika, wakawaua kwa mamia. Twain alisema na mwandishi wake yaliyomo moyoni kwa ghadhabu kubwa, akawaita mashahidi wale kwa sifa ya ushujaa na waliowaua kwa jina wanalostahili. Nayo hayo hayakuchapishwa mpaka yeye yumo kaburini. Alifariki tarehe 21 Aprili, 1910, mjini Redding, Connecticut, akiwa na umri wa miaka 74.

Kwa hiyo mtoto wa kitabuni alikuwa shujaa kuliko mzee aliyemtunga. Huck aliichana barua yake mara moja. Mtunzi wake aliandika nyingine za haki akaziweka sandukuni. Hatusemi haya kumdharau. Aliyetoka katika nyumba ya wenye watumwa mpaka akawalilia Waislamu wa Jolo amekwenda mwendo mrefu. Nasi watu wa mwambao tusimtazame kwa mbali, kwani kitabu chake kilipotoka utumwa ulikuwa ungali halali huku kwetu, Unguja na Pemba hata 1897, na mwambao wa Kenya hata 1907. Wako waliokuwa wakihesabiwa watu wema, wasiokosa swala, na mtumwa yuko uani. Hata leo wako wanaopimiwa utu kwa nasaba, na wako watumishi wa nyumbani wanaokula mabaki, na sisi twaona ndiyo ada.

Ndiyo sababu katika dua tulizofundishwa tangu chuoni imo ile ya kumwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki, kisha aturuzuku kuifuata. Ni maombi mawili, si moja. Maisha ya Mark Twain yanatuonyesha kwamba la kwanza likipatikana, la pili huwa bado.