Maisha ya Herzekiah André Shanu, Mpiga Foto wa Boma (1858–1905)



Yubile ni wakati wa kukumbuka. Jamaa anayetaka kukumbuka vema hufungua sanduku na kutoa foto za zamani: foto ya Ubatizo, foto ya ndoa, foto ya wazee wamesimama mbele ya nyumba ya mbao. Mara nyingi tunatazama sura za watu tu. Lakini nyuma yao kuna kitu kingine, yaani barabara, na barabara ile pengine haipo tena. Sisi watu wa Goma tunalijua jambo hili kuliko wengine. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka hata ziwani Kivu, ukafunika katikati ya mji pamoja na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Kabla yake kulikuwa na mlipuko wa mwaka 1977, na baada yake ule wa tarehe 22 Mei 2021. Kwetu mtoto anaweza kutembea juu ya mawe meusi asijue kwamba chini ya miguu yake kuna misingi ya nyumba ya babu yake.

Kwa hiyo tumeona vema kusimulia humu maisha ya mtu mmoja aliyefanya kazi ya kutunza sura ya mji. Aliishi mbali nasi, upande wa pili wa nchi yetu, katika mji wa Boma, karibu na mahali mto Kongo unapoingia baharini. Hakuzaliwa Kongo, na alilelewa katika shule za Waanglikana, si zetu. Hata hivyo maisha yake yanatufundisha neno ambalo kila mwenye kutunza kumbukumbu anapaswa kulijua.

1. Ujana wake na kufika kwake Boma

Herzekiah André Shanu alizaliwa mwaka 1858 katika nchi ya Lagos, ambayo leo ni sehemu ya Nijeria. Alisoma katika shule za wamisionari Waingereza, akawa yeye mwenyewe mwalimu. Lagos ilikuwa chini ya Uingereza, kwa hiyo mbele ya sheria alihesabiwa kuwa mtu wa serikali ya Waingereza. Neno hili tulishike, kwa maana baadaye litakuwa na maana kubwa.

Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 26 hivi, alipanda meli akaja Kongo. Mwaka uliofuata mataifa ya Ulaya yaliyokutana Berlin yalikubali kwamba nchi hii kubwa iwe mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwaka 1886 Boma ikafanywa mji mkuu wa Dola Huru ya Kongo, ambayo watu waliiita Bula Matari. Shanu aliingia katika ofisi za serikali hiyo akawa karani, tena mfasiri wa Kifaransa na Kiingereza. Vilevile alisaidia kuandikisha askari na wafanyakazi kutoka pwani za Afrika ya Magharibi, kwao alikotoka. Akapanda daraja hata akawa msaidizi wa komisari wa wilaya ya Boma. Katika siku zile, ofisi nyingi hazikumpa Mwafrika kiti cha namna hiyo.

2. Mji unaokua

Hapo mbele Boma ilikuwa mahali pa biashara, na kabla ya hapo biashara yake ilikuwa ya watumwa. Sasa ikaanza kubadilika mbele ya macho ya watu. Chini, kando ya mto, kulikuwa na gati na maghala ya kampuni za biashara. Juu, kwenye kilima chenye hewa ya baridi, zikajengwa nyumba za wakubwa: makao ya Gavana Mkuu, posta, kambi ya askari, hospitali ya Wazungu. Reli nyembamba iliunganisha sehemu hizi mbili, na gari dogo la moshi lilipanda na kushuka likichukua maofisa.

Juu ya kilima hicho mapadri wa Scheut walisimamisha kanisa la chuma. Vipande vyake vilitengenezwa Ubelgiji, vikapakiwa melini, vikaja kuunganishwa Boma mnamo mwaka 1890. Wengi wetu tunafikiri kanisa la kwanza la mahali huwa ni la miti na majani. Kanisa la Boma lilishuka kutoka merikebuni, tayari limetobolewa matundu ya misumari.

Shanu alijifunza kazi ya kupiga foto katika mji huo uliokuwa ukizaliwa. Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Mashine ilikuwa sanduku zito lililosimama juu ya miguu mitatu. Foto ilishikwa juu ya kioo kilichopakwa dawa, na kioo hicho kilihitaji chumba cha giza, maji safi na mkono usiotetemeka. Joto na unyevu wa mto viliweza kuharibu kazi ya siku nzima. Pamoja na hayo alifaulu. Foto zake zilichapishwa katika gazeti la Le Congo illustré, lililotoka Ubelgiji kati ya miaka 1892 na 1895, na nyingine zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren. Wenye elimu ya mambo hayo humhesabu kati ya Waafrika wa kwanza kabisa kupiga foto katika nchi yetu.

3. Mtu wa heshima

Mwaka 1893 aliacha kazi ya serikali akaanza biashara yake. Alifungua duka lenye vyakula vya mikebe na bidhaa nyingine za Ulaya. Alikuwa na kazi ya kushona nguo na ya kufua, tena nyumba za wageni Boma na Matadi. Matadi ilikuwa imejaa watu wakati huo, sababu reli ya kwenda Leopoldville, Kinshasa ya leo, ilikuwa ikijengwa tangu mwaka 1890, na haikumalizika mpaka mwaka 1898. Wafanyakazi wengi waliletwa kutoka Afrika ya Magharibi, na wengi walizikwa kando ya njia hiyo.

Mwaka 1894, wakati wa maonyesho makubwa ya Antwerpen, Shanu alisafiri mpaka Ubelgiji, akatembelea na nchi nyingine za Ulaya. Alisimama mbele ya Wabelgiji akasema nao kwa Kifaransa safi juu ya Kongo. Magazeti yalimsifu sana, lakini sifa zile zilikuwa na sumu ndani yake: walimwonyesha kama dalili kwamba mtu mweusi naye anaweza kuelimika. Mtoto wake mwanamume alimpeleka Ubelgiji asome huko.

Mwaka 1900 askari waliasi katika ngome ya Shinkakasa, iliyojengwa kulinda Boma. Shanu alisimama upande wa serikali, na serikali ikamshukuru kwa msaada wake. Basi, mtu huyu alikuwa na kila kitu ambacho mtu wa hali yake aliweza kutamani: mali, jina, na urafiki wa wakubwa. Foto zake zilionyesha mji mzuri, nao wakubwa walipenda mji wao uonekane hivyo.

4. Jambo ambalo foto haikuonyesha

Lakini kauchu na pembe za ndovu zilizofika katika gati la Boma zilitoka mahali fulani. Zilitoka juu ya mto, katika vijiji ambako watu walilazimishwa kuingia porini kutafuta kauchu, wake zao wakifungwa mpaka kilo zitimie, na wasiotimiza wakipigwa, wakiuawa, au wakikatwa mikono. Aliyetazama barabara za Boma tu hakuona jambo hilo. Aliona mifuko ikipakiwa melini, basi.

Shanu aliisikia habari hiyo. Kwanza yalimfikia mateso ya watu wa kwao, wafanyakazi wa Afrika ya Magharibi, yaani watu wa namna ile ile aliyosaidia zamani kuiandikisha. Mwaka 1903 konsuli wa Uingereza, Roger Casement, alifunga safari ya kwenda juu ya mto kupeleleza mambo. Shanu alimpa Casement habari alizokuwa nazo. Kwa njia yake akaunganishwa na Edmund Morel, mwandishi wa Uingereza aliyekuwa akipigana kwa kalamu na utawala wa Leopold. Shanu akaanza kumwandikia.

Alizotuma mara hii hazikuwa foto. Zilikuwa karatasi, na kati yake habari za kesi zilizokatwa katika mahakama za Boma yenyewe. Kesi moja ilikuwa ya Caudron, wakala wa kampuni ya kauchu, aliyehukumiwa kwa mauaji ya watu wa vijiji. Serikali ilipenda kuonyesha kesi kama hiyo ili watu waseme kwamba inaadhibu waovu. Lakini maneno yaliyosemwa mahakamani yalionyesha jambo jingine: kwamba watu wa serikali walijua na walishiriki. Kwa hiyo karatasi hizo zilikuwa za hatari kuliko shutuma yoyote iliyotoka nje. Morel alizitangaza mwaka 1904, mwaka ule ule ambao ripoti ya Casement ilitolewa.

Mwaka huo huo, huko Baringa, mke wa mmisionari Mprotestanti, Alice Seeley Harris, alimpiga foto baba mmoja aitwaye Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo aliyeuawa. Foto hiyo ilionyeshwa katika mikutano mingi Ulaya na Marekani. Hivyo kazi ya kupiga foto, ambayo Boma ilikuwa pambo, Baringa ikawa shahidi. Shanu naye alikuwa shahidi, ingawa kwa kalamu.

5. Mwisho wake

Siri haikukaa. Shanu alijaribu kupata habari zaidi, na mkuu wa polisi wa Boma akamfichua. Kwa kuwa alihesabiwa mtu wa Uingereza, haikuwa rahisi kumkamata kama walivyokamatwa wengine. Serikali ikatafuta njia nyingine: iliwaamuru watumishi wake wasinunue tena kitu kwake. Hapo tukumbuke Boma ilikuwa mji wa namna gani. Karibu kila mwenye mshahara alikuwa mtumishi wa serikali. Mlango wa duka ulibaki wazi, lakini hakuna aliyeingia. Barabara ile aliyoijua kwa jicho la mashine yake, na watu waliomwamkia kwa heshima miaka 20, sasa vilimgeuzia kisogo.

Biashara ikaanguka. Mnamo Julai 1905 Herzekiah André Shanu alijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 47 hivi.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo tume ya uchunguzi iliyotumwa na Mfalme mwenyewe ilitoa ripoti yake, ikakiri mabaya mengi. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachilia Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Taabu za wazee wetu hazikuisha siku ile, lakini utawala wa mtu mmoja uliisha. Shanu hakuona hata moja la mambo hayo.

Juu ya namna alivyokufa, tuseme kwa upole. Katekisimu ya mwaka 1992 yatufundisha tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa wale waliojitoa uhai, na Kanisa linawaombea. Sisi tunaojua maana ya kuachwa peke yetu katika shida tusiwe wepesi wa kumhukumu.

6. Fundisho kwa Yubile yetu

Tukisimulia habari hizi, haifai tufiche upande wetu. Katika miaka ile walioshuhudia kwa sauti juu ya mateso ya Kongo walikuwa hasa wamisionari Waprotestanti. Wakatoliki wengi walinyamaza, wengine hata waliitetea serikali. Padri Arthur Vermeersch, Myezuiti, aliandika mwaka 1906 kitabu cha kulaumu utawala ule, lakini Shanu alikuwa amekwisha kufa. Kanisa la chuma la Boma lilisimama juu ya kilima, na duka lililosusiwa lilikuwa katika mji ule ule. Ni vema wahudumu wa Mungu na waamini tulikumbuke jambo hilo kwa unyenyekevu.

Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu aliamuru kwamba mwaka wa Yubile watumwa waachiliwe, na kila mtu arudi katika shamba la jamaa yake. Maana yake, Yubile si kuhesabu miaka na kupamba kanisa tu. Ni kutengeneza yaliyoharibika kati ya watu.

Basi, ndugu wapendwa, tuwaombe wazee wa kila jumuiya watoe foto zao za barabara za Katoyi na za Goma yote, za kabla ya moto na za baada yake. Nyuma ya kila foto tuandike mwaka, jina la mahali, na majina ya watu. Tena tuwaulize wenyewe: Siku ile nini kilitokea nje ya foto hii? Nani alikosekana? Nani alikuwa amefukuzwa, amekimbia vita, amezikwa bila jina? Majibu nayo yaandikwe. Na pakiwa na jirani ambaye watu wamemkimbia kwa sababu alisema kweli, tusingoje miaka mia moja kumkumbuka. Twende tubishe mlango wake yeye angali hai.

Bwana ampe Herzekiah Shanu pumziko la milele, na mwanga wa milele umwangazie. Amina.