Maisha ya Baden-Powell, Mwanzilishi wa Maskauti

Muhula huu niliteuliwa kuwa kiongozi wa doria katika kikosi chetu cha maskauti. Nilimwomba mwalimu amchague mwingine, maana wenzangu kadhaa wamenizidi umri. Mwalimu hakunijibu. Wiki iliyofuata alitupeleka Nyeri kulizuru kaburi la Baden-Powell, nami niliporudi nikasoma habari zake. Nawasimulieni kwa ufupi.

Alizaliwa London tarehe 22 Februari, 1857. Alipokuwa na miaka mitatu baba yake alifariki, akalelewa na mama. Mwaka 1876 aliingia jeshini akapelekwa Bara Hindi.

Mwaka 1899 Waingereza na Makaburu walipigana Afrika ya Kusini, na mji wa Mafeking ukazingirwa kwa siku 217. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa askari mjini. Askari walikuwa haba, kwa hiyo wavulana walipewa kazi ya kupeleka barua, nao wakaifanya vyema. Lakini haifai kuficha ukweli: Waafrika wengi wa mji ule walikufa kwa njaa, na wengine walishika bunduki kuulinda, ila sifa nyingi alipewa yeye.

Habari ya wavulana wale haikumtoka moyoni. Mwezi wa Agosti, 1907, alipiga kambi na wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Wengine walikuwa wana wa matajiri, wengine wana wa wafanyakazi. Aliwagawa katika doria nne, na kiongozi wa kila doria alikuwa mvulana mwenzao. Mwaka 1908 alitoa kitabu chake, na wavulana wengi wakaunda vikosi wao wenyewe, ndipo wakatafuta watu wazima wa kuwasimamia. Uskauti ulifika Kenya mwaka 1910.

Mwaka 1938 alikuja kukaa Nyeri, akafariki huko tarehe 8 Januari, 1941. Juu ya kaburi lake pana alama ya duara yenye nukta katikati. Kwa maskauti maana yake ni kwamba aliyeiweka amekwisha kwenda nyumbani.

Basi nilifikiri: ikiwa kazi hii tangu mwanzo iliaminiwa mikononi mwa wavulana, mimi naikimbiaje? Nilikwenda kwa mwalimu nikamwambia nimekubali. Jumamosi ijayo nitaiongoza doria yangu kambini kwa mara ya kwanza.